Unataka Altezza yako ingurume? Soma hii kabla hujampa fundi hela

Wakuu, kuna ugonjwa unatupata karibu wote tunaomiliki Toyota Altezza na mimi ulinishika gari haijamaliza hata mwezi. Umesimama sheli unajaza mafuta, inapita Altezza nyingine inanguruma safi, sauti nzito inayosikika mpaka kifuani, halafu wewe ukiwasha ya kwako inalia kama Corolla ya teksi. Kesho yake asubuhi uko gereji.

Mimi nilinunua ile sailensa ya mdomo mkubwa kama mzinga, mtumba wa Japani, nikafungiwa chini ya saa moja nikatoka pale najiona mfalme. Wiki hiyo hiyo nikawa na safari ya Morogoro. Mpaka Kibaha nafurahia, Mlandizi nimepandisha vioo, Chalinze nimezima redio maana haisikiki, na Morogoro nilishuka masikio yanavuma kama mtu aliyelala pembeni ya spika ya harusi. Mke wangu hakuongea njia nzima, wala hakuwa na hasira, tulikuwa tu hatusikilizani. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyenunua ekzosi, yaani mabomba ya moshi na sailensa zake, mara mbili kwa gari moja, wewe nunua mara moja.

Anza na kujua gari yako ni ipi hasa. Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005 na chini ya boneti hazifanani. Angalia kibati cha chesisi kwenye chumba cha injini, kikisema SXE10 una ile RS200 yenye 3S-GE ya pistoni 4, kichwa cha injini kimefanyiwa kazi na Yamaha, farasi 210 kwa ya gia za mkono na 200 kwa ya otomatiki. Kikisema GXE10 una AS200 yenye 1G-FE ya pistoni 6, farasi 160. Watu wengi wanachagua ekzosi kwa kusikiliza video ya gari nyingine bila kujua ile ni injini gani, anafunga kwenye ya kwake halafu anashangaa mbona hailii vile. Sita zilizojipanga mstari mmoja zinalia laini, kama zinaimba. Nne inalia kavu, ina hasira, hasa ikipita mizunguko 6000 kwa dakika. Hakuna sailensa duniani itakayoigeuza nne kuwa sita, na ukiambiwa hivyo shika pochi yako vizuri.

Na hizo paipu za SXE10 na GXE10 usikubali neno la "hizi zinaingiliana mkuu" mpaka umeona kwa macho. Kuna sailensa za mwisho zinakaa kote kote na kuna paipu za katikati ambazo flanji, vile vibapa vya kuunganishia kwa bolti, hazikutani kabisa. Ile ya station wagon, Gita, nayo nyuma ina mambo yake. Piga picha flanji zako, pima kwa rula kutoka shimo la bolti mpaka shimo la bolti, nenda na hivyo vipimo dukani.

Sasa kabla ya kuchagua chochote, ingia chini ya gari. Hii sehemu watu wanaruka na ndiyo inayowatia hasara, maana gari mpya kabisa kati ya hizi ilitoka kiwandani mwaka 2005. Raba za kuning'inizia ekzosi zimeshakuwa ngumu kama soli ya kiatu au zimechanika, mauntingi, zile raba zinazobeba injini, zimelala, gasketi zimeliwa, fleksi, kile kipande cha paipu kinachonyumbuka, imetoboka. Ukifunga ekzosi ya gharama kwenye gari yenye mauntingi zilizokufa, kila ukiachia klachi paipu inagonga bodi, koh koh koh, unarudi kwa fundi unamlaumu wakati kosa ni la raba ya bei ya chai.

Uvujaji unaupima hivi, asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa. Mtu mmoja awashe, wewe shika kitambaa kizito kilicholowa maji, ziba mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache tu. Kama mfumo uko salama utasikia presha inasukuma mkono na injini inataka kuzima. Kama kuna tundu utasikia tsss sehemu fulani, paka hapo maji ya sabuni utaona povu linacheza. Tundu likiwa kati ya injini na oksijeni sensa, ile inayopima hewa iliyobaki kwenye moshi, ni baya zaidi, kwa sababu hewa ya nje inanyonywa kupitia pale, sensa inadhani injini haipati mafuta ya kutosha, kompyuta inaongeza mafuta, na wewe unabaki unasema Altezza zinakula sana. Nimeona jamaa kabadilisha plagi, kabadilisha kichungio cha hewa, kasafisha nozeli, tatizo likawa gasketi ya manifodi, zile paipu za kwanza zinazokusanya moshi kutoka kwenye injini.

Tukishamaliza hapo tuje kwenye saizi ya paipu, na hapa kuna ubishi mwingi vijiweni. Utasikia injini inahitaji presha ya kurudi nyuma ndo iwe na nguvu. Si kweli, hakuna injini inayofurahia moshi wake kurudi. Inachotaka ni moshi utoke kwa kasi, kwa sababu moshi unaokimbia unavuta nyuma yake ule wa silinda inayofuata. Ukiweka paipu kubwa kupita kiasi kwa injini isiyo na turbo, ile feni inayosukumia hewa ndani ya injini, moshi unapoa, unatembea taratibu, ule mvuto unapungua na gari inakuwa nzito chini ya 4000, yaani pale pale unapoendesha kila siku kwenye foleni ya Mandela. Kwa injini ya lita 2 isiyo na turbo, paipu ya milimita 60 inatosha kabisa, na ndiyo saizi utakayokutana nayo sana kwenye ekzosi za Kijapani za gari za aina hii. Fundi akikushauri inchi 3 kwa RS200 muulize kwa nini, akijibu "inalia vizuri" basi ameshakujibu.

Inchi 3 waachie wenye turbo. Kwenye Subaru Impreza WRX mambo yanageuka, nyuma ya turbo paipu ikiwa pana ndo vizuri, turbo inaamka mapema. Ila na wao wana mtego wao: ukifungua paipu yote na kuacha kompyuta ya kiwandani, presha ya turbo inaweza kupanda kuliko ilivyopangwa mpaka kompyuta ikate mafuta, au mbaya zaidi isikate. Kule ekzosi na kutyuni, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, vinaenda pamoja. Na ule mdundo wao wa dugu dugu dugu unaopendwa hautoki kwenye sailensa, unatoka kwenye manifodi yenye paipu zisizolingana urefu, ndo maana mtu wa Subaru akiweka manifodi ya paipu zinazolingana mdundo unakufa na anaanza kulalamika kaibiwa. Turudi kwenye Altezza.

Niwe mkweli kuhusu nguvu. Ukibadilisha ekzosi kuanzia nyuma ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi, mpaka mwisho kwenye injini isiyo na turbo utapata farasi wachache sana, wengine hutawahisi. Utapata sauti, utapata kupungua uzito kidogo kama ya zamani ilikuwa dude la chuma, na injini itapumua vizuri zaidi kule juu. Anayekuahidi farasi 20 kwa sailensa anakuuzia upepo. Nami sisemi usinunue, sauti ni sababu halali kabisa, nasema tu ujue unalipia nini.

Sasa sailensa yenyewe, hapa ndo moyo wa jambo. Ukiipasua utakuta aina mbili kubwa. Ya kwanza ina vyumba ndani, kuta za chuma, moshi unaingia unagongagonga kuta unageuka mara kadhaa ndo unatoka. Inanyamazisha vizuri na haibadiliki sana miaka ikipita, ila inabana. Ya pili ni paipu iliyonyooka yenye matundu matundu kama kichungio cha chai, imezungushiwa sufi ya nyuzi za kioo, moshi unapita moja kwa moja na sufi inameza sauti. Hii ya pili ndo wengi tunaitaka, inapumua na ina sauti nzuri, lakini ile sufi inaungua na kupeperuka kidogo kidogo kwa miaka. Ndiyo maana sailensa ya mtumba iliyokuwa na sauti ya kistaarabu Japani mwaka 2003 ikifika kwako inapiga kelele kama trekta, ndani hakuna kitu tena, imebaki ngoma tupu. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Nilipokuja kuichana kwa grainda, sufi iliyobaki ilijaa kiganja kimoja.

Kwa hiyo ukienda kununua mtumba pale Kariakoo au Ilala, ibebe uisikie uzito, igonge kwa ngumi. Ikilia dum, kitu kizito, kuna sufi. Ikilia kama debe, iache, au inunue kwa bei ya debe ukajaze sufi mpya, inawezekana kabisa kama fundi anajua kufungua na kurudishia. Itikise, isitoe kitu kinachocheza ndani. Mulika tochi ya simu ndani, paipu yenye matundu iwe nzima. Halafu pitisha vidole kwenye mshono wa chini, ndipo maji yanapolala na kutu inapoanzia.

Tafuta pia kibati kidogo kilichoandikwa JASMA. Hicho ni cha chama cha watengeneza sailensa za michezo Japani, maana yake ilipopimwa ilikuwa ndani ya kiwango cha sheria zao, na kwa gari za umri wa Altezza kelele gari ikiwa imesimama haitakiwi kupita desibeli 96. HKS, Fujitsubo, Tanabe, kampuni za Kijapani, hawa utawakuta sana na kile kibati. Kibati hakikuhakikishii hali ya leo, sufi ikishaungua kibati hakijui, ila kinakuambia ilizaliwa na tabia njema. Na kinachochekesha ni kwamba feki nyingi zinabandika jina la HKS kubwa linaloonekana mpaka barabara ya pili, lakini kibati hawahangaiki nacho.

Sasa ile kelele iliyoniua njia ya Morogoro. Kelele ya kuanza kukanyaga mafuta ni tamu, inapita. Inayoua ni ile buuuuuu ya mwendo mmoja, na ina hesabu yake rahisi tu. Injini ya pistoni 4 kila ikizunguka mara moja inalipua mara 2. Yangu kwenye 100 kwa saa gia ya 6 inakaa kama 3000, hiyo ni milipuko 6000 kwa dakika, gawa kwa 60 unapata 100 kwa sekunde. Mngurumo wa mara 100 kwa sekunde ni besi, sasa bodi ya gari, buti na hewa iliyomo ndani vikiitikia besi hiyo hiyo basi umekaa ndani ya ngoma. Kupandisha kioo hakusaidii, inapita kwenye sakafu.

Dawa ya kwanza na rahisi: usiiondoe sailensa ndogo ya katikati. Mafundi wanapenda kuikata waweke paipu tupu, wanakwambia inabana. Ile ya paipu iliyonyooka yenye sufi haibani chochote, na ndiyo inayokula hiyo buuuu kabla haijafika nyuma. Dawa ya pili ni tawi, paipu inayochomelewa pembeni ya paipu kuu na mwisho wake umezibwa. Sauti inaingia mle inagonga mwisho inarudi ikiwa kinyume na ile inayokuja, zinauana. Urefu wake unatokana na besi unayotaka kuiua, kwa 100 kwa sekunde ni kama mita 1.1 mpaka 1.25 kutegemea moshi una joto kiasi gani. Chini ya Altezza kupata nafasi ya tawi refu hivyo ni kazi, utalikunja, ndo maana mimi niliishia kwenye sailensa ya katikati na sijajuta.

Njia nzuri kuliko zote ni kuomba lifti. Tafuta mtu mwenye ekzosi unayoitaka kwenye injini kama ya kwako, kaa kiti cha nyuma, aende mwendo wa 80 mpaka 100 dakika kumi. Usisikilize ukiwa nje na mwenye gari anapiga resi, hapo kila kitu kinapendeza.

Masega nayo. Kuna mtu atakuja na ofa kwamba akutolee masega bure, tena anakuongezea hela juu. Mle ndani kuna platinamu, paladi na rodi, madini ya thamani kuliko sailensa unayotaka kununua, ndo maana ana huruma hivyo. Ukiyatoa gari inanuka, ukisimama kwenye foleni moshi unakuchoma macho, sauti inakuwa na mkwaruzo mbaya, na kama gari yako ina sensa ya pili nyuma ya masega taa ya injini inaweza kuwaka. Kama yako yameziba kweli au yamevunjika ndani, yanatikisika ukigonga, basi weka mengine yanayopitisha moshi kwa urahisi zaidi. Kama ni mazima yaache hapo yalipo.

Chuma gani? Kwa sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar, hewa ya chumvi haina huruma. Na kutu haitoki nje tu, kila lita ya petroli inayoungua inatoa karibu lita nzima ya maji kama mvuke, sasa ukiwa mtu wa safari fupi fupi, nyumbani, dukani, nyumbani, ekzosi haipati joto la kuyakausha na yanalala ndani ya sailensa. Chuma cha kawaida kitakwenda haraka. Stenlesi 304 ndo bora, ukiweka sumaku haishiki, au inashika kwa mbali sana. Stenlesi 409 inashika sumaku na itapata rangi ya kutu kwa nje lakini inadumu kuliko chuma tupu. Sumaku ndogo mfukoni inakuokoa na muuzaji anayeita kila kinachong'aa stenlesi, kwa sababu kromu nayo inang'aa.

Kama hupati ya kununua ikiwa kamili, fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia na wapo wanaojua kazi. Angalia kona zake tu. Paipu iliyokunjwa kwa mashine ikabonyea kwenye kona imeshakuwa ndogo pale, una 60 mwanzo na mwisho na 48 katikati, sasa umelipia nini. Mwambie atumie kona zilizokwisha kukunjwa vizuri achomelee vipande. Kabla hajawasha mashine chomoa betri, na waya wa ethi aufunge kwenye ekzosi yenyewe karibu na anapochomelea, asiufunge kwenye bodi mbele huko umeme ukapita kwenye kompyuta na alteneta.

Kimo pia usisahau. Kama gari umeishusha, paipu inayopita chini ya kiwango cha bodi itakutana na matuta yetu, na yale ya vijijini hayana vipimo. Lala chini uangalie kwa usawa wa macho, flanji zikae zimelala pembeni zisining'inie chini. Kutoka kwenye propela, difu na tanki la mafuta acha nafasi ya kutosha, vidole viwili angalau, maana gari ikibeba watu wanne nyuma vitu vinasogeleana. Zile karatasi za chuma za kuzuia joto usiruhusu zitupwe eti zinapiga kelele, zikazwe.

Siku ya kufunga, bolti za zamani zipulizie mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, si dakika tano kabla. Nunua gasketi mpya zote na raba mpya zote, hapa usibane hela. Fungeni kila kitu kikiwa kimelegea kuanzia mbele, nyoosheni mpaka mdomo ukae katikati ya nafasi yake kwenye bampa, ndipo mkaze, mbele kuja nyuma. Mkikaza kimoja kimoja mkiwa mnaendelea, nyuma lazima itapinda, halafu fundi atakwambia ndo ilivyo.

Mdomo wenyewe utokeze mpaka usawa wa bampa au uzidi kidogo, usiishie chini ya gari. Moshi ukiishia chini ya buti unarudi ndani kupitia raba za buti zilizozeeka, na ile gesi hatari iliyomo, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, unapata usingizi tu. Na kamwe usijaribu sauti ya ekzosi mpya ndani ya gereji iliyofungwa milango.

Kuhusu trafiki, mwenye kelele anasimamishwa na akishasimamishwa wanaangalia na mengine, matairi, taa, stika. Na kuna majirani. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, enzi za ekzosi ya kwanza gari nilikuwa naisukuma mpaka barabarani ndo naiwasha. Sasa hivi naiwasha uani, inakoroma kidogo ikiwa baridi, ikishapata moto inatulia, ukipita 5000 inaimba.

Itatoa moshi na harufu siku ya kwanza, ni mafuta ya kiwandani na vidole vyenu vyenye grisi yanaungua, usiogope. Baada ya kilomita 100 hivi pandisha kwenye jeki stendi, ikiwa imepoa, kaza bolti zote upya. Yangu mbili zilikuwa zimelegea.